Bunduki ya Katikati

Saint-Georges, Kanada
8 Juni 2025

Baba yangu mpendwa,

(Kaka Narcisse, msomee polepole, na usiruke mistari.)

Nakusalimu sana, pamoja na kaka na shemeji Umutesi. Mimi ni mzima. Kiwanda cha milango bado kinanilisha, na baridi imetuachia mpaka Oktoba.

Nina habari itakayokufurahisha. Nimefaulu mafunzo ya uwindaji. Nilikaa darasani na vijana walioweza kuwa watoto wangu, nikafanya mtihani, na kibali cha kumiliki bunduki kimetoka. Novemba, Mungu akipenda, nitaingia msituni kumtafuta kulungu wa huku. Wanamwita chevreuil. Ni mkubwa kuliko pongo wako wa Masisi, kule Kongo, na akishtuka anainua mkia mweupe kama mtu anayepunga kitambaa.

Sasa nimekwama dukani. Muuzaji amenipangia bunduki tatu mezani. Ya kwanza ni 243. Risasi yake ni nyembamba na haiumizi bega, lakini wenzangu wanasema inataka mtu asiyekosea shabaha. Ya pili ni 308. Inapiga bega kiasi, inamtosha kulungu na hata dubu, na risasi zake utazikuta hata kwenye duka la kijijini linalouza mkate. Ya tatu ni 300 magnum. Hiyo inafika mbali sana na inaangusha mnyama mkubwa kama ng'ombe. Bosi wangu anayo. Kila mtu anasifu ya kwake, na mimi nataka moja tu ya kufanya kazi zote, kwa sababu sina uwezo wa kuoa wake watatu.

Muuzaji anasema kwa mtu anayeanza ni ya pili. Lakini yeye ni muuzaji. Wewe ulibeba carabine ya yule Mzungu wa shamba la ng'ombe miaka kumi na tisa. Niambie nichukue ipi. Utakayosema ndiyo nitakayonunua.

Mwanao,
Mugisha


Gisenyi
21 Juni 2025

Mwanangu Mugisha,

Barua yako nimesomewa mara tatu. Nimefurahi.

Chukua ile kubwa, ya tatu. Mtoto wa Karenzi haendi msituni na kitu cha katikati. Bega litazoea. Wanaume wa huko wakikuona na ndogo watakudharau, na muuzaji usimsikilize, anakuona mgeni. Ukishanunua, utuandikie.

Baba yako,
Karenzi
(imeandikwa na Narcisse)


Gisenyi
22 Juni 2025

Dada yangu Donatille,

Najua kwenye nyumba yenu ya masista, au masera kama asemavyo Baba, simu ni Jumapili tu, tena mbele ya wenzako. Jambo hili halisemeki mbele ya wenzako, kwa hiyo nimempa barua mtu wa basi la Kibuye.

Mdogo wetu amekuwa mwindaji. Ameandika kwa barua pepe kumwuliza Baba anunue bunduki gani. Nilichapisha barua yake kwa Kamikazi pale Mahoko, mwenye kile kibanda cha mashine, kwa sababu barua yenye neno bunduki kwenye kila mstari siwezi kuichapishia ofisini. Kamikazi aliisoma yote ikitoka. Ilinibidi nimweleze habari za kulungu wa Kanada huku watu sita wakingoja nakala za vitambulisho vyao.

Unajua Baba anavyotaka barua iwe karatasi, na iwe ya Kiswahili, kwa sababu ndicho alichofundishwa kusoma na mapadri wa Masisi. Macho yake sasa yanaona mwanga na kivuli tu. Haidhuru. Anaikunja, anaiweka mfukoni mwa koti, na Jumapili baada ya misa katika kanisa la Nyundo anaitoa mbele ya wazee wenzake, anaigongagonga kwa kidole. "Muhigi wangu ameniandikia," anasema, yaani mwindaji wake. Muhigi wake ni mtu anayetengeneza milango.

Donatille, nani anamwogesha Baba? Nani anampeleka kwa daktari wa macho, anamkata kucha za miguu, anamtolea miiba ya samaki? Wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Nyumbani kwetu ni kinyume, asiyekuwepo ndiye mwenye kila kitu. Juzi nilikuwa namfunga viatu, akaniita Mugisha. Nikaitika.

Hayo ningeyameza. Kilichonikaba ni kingine. Unakumbuka Masisi nilivyomlilia Baba anichukue kuwinda? Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Alinichukua mara moja, akaniacha kambini nilinde moto, kwa sababu nilikuwa nakohoa na ningewakimbiza wanyama. Hakunichukua tena. Hakunifundisha neno. Sasa Mugisha ameuliza mara moja, kwa barua, na Baba akafunguka kama gunia. Nilishika daftari nikaandika yote, neno kwa neno, kama alivyosema:

"Andika. Mugisha, mutoto yangu, kamata ile ya katikati. Nyama haikufe juu ya ukubwa ya risasi, inakufa juu ya pahali risasi imeingilia. Bunduki kubwa inafundisha mutu kufunga macho. Ukiipiga mara makumi mbili, na ya makumi mbili na moja uko bado na hamu, basi ile ni yako. Iweke kwa bega mbele ya kulipa, na macho imefungwa. Ukifungua macho na uko unaona sawasawa bila kutafuta, ilitengenezewa wewe. Na risasi yake iwe ya kupatikana hata kwa duka ya mulimani, juu siku zitakuishia, zitakuishia mulimani."

Akanyang'anya kalamu, akaandika jina lake mwenyewe chini, KARENZI, herufi kubwa zikipanda mlima.

Miaka arobaini nilingoja maneno hayo, na yalipokuja yalikuwa na jina la mtu mwingine juu.

Sikuyatuma. Ukurasa uko kwenye daftari. Nilikaa kwa mashine nikaandika mengine, nikamwambia achukue ile kubwa, kwa jina la Baba. Ninataka imtingishe kidogo. Ninataka siku moja aandike kwamba Baba alikosea. Haya, sasa umejua. Usiniombee bado, nipe kwanza wiki moja ya kufurahi.

Kaka yako,
Narcisse


Kibuye
29 Juni 2025

Kaka Narcisse,

Nimesoma barua yako chooni, ili sista mkubwa asinione uso.

Umemwonea wivu kwa kitu gani? Mugisha ana karatasi. Wewe una Baba mzima, anayepumua, anayekula ugali wako. Na bado unaona umepunjwa. Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, na wewe hata nyama ya kukonda huna.

Sikukatalii kwamba Baba alikukosea Masisi. Nilikuwepo, nilikuona ukirudi na majivu usoni na hukula siku ile. Lakini mtoto aliyeachwa kwenye moto ana miaka hamsini na miwili sasa, ana mke, ana mhuri wa serikali mezani. Mwambie Baba kwa mdomo wako. Mugisha hajui chochote, alikuwa hata hajazaliwa.

Na bunduki si sufuria, kaka. Ikimwumiza? Mwandikie leo, kabla hajalipa. Sema ulikosea kuandika, sema chochote, mimi nitatubu kwa niaba yako. Majuto ni mjukuu.

Wako,
Donatille


Saint-Georges
17 Agosti 2025

Baba yangu,

Nimeinunua, ile kubwa, kama ulivyosema. Muuzaji aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia baba yangu ni mwindaji na ndiye aliyechagua, akaandika risiti.

Nimekwenda nayo kwenye uwanja wa kulengea. Sitakuficha. Risasi ya kwanza ilinisukuma hatua moja nyuma. Ya tatu, darubini iliyo juu yake ilirudi ikanichana nyusi, nikashonwa nyuzi nne. Bega limekuwa na rangi ya biringanya. Wenzangu walicheka, lakini walicheka kwa heshima, kama ulivyosema.

Narudi kila Jumamosi. Risasi zake ni ghali na huzipati kila duka, kwa hiyo napiga tano tu, halafu nakaa ndani ya gari mpaka bega lipoe. Unasema bega litazoea. Ninangoja lizoee.

Mwanao,
Mugisha


Gisenyi
30 Agosti 2025

Mdogo wangu Mugisha,

Barua yako imefika. Baba anakupongeza. Pole kwa nyusi.

Hili ni langu mimi, halitoki kwa Baba. Kama duka linakubali, irudishe, uchukue ile ya katikati. Macho ni mawili tu.

Kaka yako,
Narcisse


Saint-Georges
7 Septemba 2025

Kaka,

Asante kwa kunionea huruma, lakini wewe hujawahi kushika hata manati. Acha nimfuate Baba. Mwambie nasonga mbele.

Mugisha


Saint-Georges
16 Novemba 2025

Baba yangu,

Hii barua nimeifuta mara mbili.

Jumamosi ya tarehe nane nilipanda kwenye kiti cha mtini kabla hakujapambazuka. Kama saa tatu asubuhi alitokea dume mwenye pembe nane, akitembea bila wasiwasi, hatua sabini kutoka kwangu. Ni karibu sana, Baba, hata kwa jiwe ningejaribu. Nilimlenga vizuri, nyuma ya bega lake. Halafu bega langu mimi likakumbuka lile teke, na kabla kidole hakijamaliza kuvuta, macho yalikuwa yamefungwa.

Nilipoyafungua alikuwa anakimbia kwa miguu mitatu. Nilimpata pajani.

Nilifuata damu mpaka jioni. Kesho yake nilirudi na wenzangu wawili, lakini theluji ilikuwa imeanguka, na chini yake hakuna damu wala kwato. Siku ya tatu nilirudi peke yangu. Sikumpata. Amekufa mahali fulani polepole, au bado anakufa.

Uliniambia nikiwa mdogo kwamba mwindaji anayejeruhi asipate hana haki ya kubeba bunduki. Nimeiweka chini, nitaiuza. Kosa si lako. Ulinipa bunduki ya wanaume, na mimi si mwanamume wa kiasi hicho. Naomba usiwaambie wazee wa Nyundo. Na kama hutaki kuniita tena muhigi, nitaelewa.

Mugisha


Gisenyi
24 Novemba 2025

Mugisha,

Barua hii ni yangu, na kila neno ni langu, isipokuwa pale nitakaposema Baba amesema.

Baba hakukuchagulia ile kubwa. Alisema ya katikati, siku ileile, bila hata kufikiri. Mimi ndiye niliyebadilisha. Pamoja na barua hii kuna picha ya ukurasa wa daftari wenye maneno yake, na jina lake ameliandika kwa mkono wake. Utakuta mstari unaosema bunduki kubwa inafundisha mtu kufunga macho. Niliuandika mimi mwenyewe mwezi wa sita, na nikaufungia kabatini.

Utauliza kwa nini. Kwa sababu nilikuonea wivu. Sina maneno mazuri zaidi ya hayo. Nilikuonea wivu kwa sababu unapendwa ukiwa mbali na mimi nikiwa karibu naonekana kama kiti. Nilitaka ulie kidogo. Sikufikiri habari za mnyama, wala za jicho lako. Barua ya nyuzi nne nilimsomea Baba kwamba umenunua ya katikati na unapiga vizuri. Alifurahi mchana kutwa. Nilipokuandikia uirudishe, nilitaka kujiokoa bila kujitaja, nawe ukaniambia sijawahi kushika manati. Ni kweli, sijawahi. Nilikasirika tena, nikanyamaza tena.

Barua yako ya mwisho niliichapisha, nikakaa nayo siku mbili. Ningeweza kuibadilisha. Nilishazoea. Lakini nilipofika pale unaposema wewe si mwanamume wa kiasi hicho, nilijua kwamba nikiruka mstari huo sitaweza kukaa tena meza moja na yule mzee. Nilimsomea barua zote, kuanzia ya Juni, jinsi zilivyoandikwa, na zile zangu za uongo pia.

Hakupiga kelele. Aliuliza kitu kimoja: "Na ile ya Masera Donatille ya Pasaka, ulinisomea namna yenye iliandikwa?" Nikasema ndiyo, Baba. Akasema, "Nitajulia wapi?"

Kisha akatafuta fimbo yake, akatoka. Sasa ni siku ya tano. Anakula, anaoga, lakini anamwita Umutesi kwa kila kitu. Mikono yangu haitaki.

Wewe si mwoga, Mugisha. Mtu yeyote angefunga macho. Rudisha hasira yako kwangu, iko mahali pake.

Narcisse


Saint-Georges
3 Desemba 2025

Narcisse,

Ukurasa nimeuona. Nimeusoma nimesimama, nikakaa, nikausoma tena.

Siwezi kukuandikia mengi, maana yatakuwa mabaya na Mama hakutulea hivyo. Nakuomba jambo moja. Usimsomee Baba barua zangu tena. Usiandike majibu yake. Umutesi atasoma, Umutesi ataandika. Nimeshampigia, amekubali.

Ile kubwa imeuzwa.

Mugisha


Gisenyi
22 Desemba 2025

Mdogo wangu Mugisha,

Umesema nisimsomee na nisimwandikie. Hukusema nisikuandikie wewe, kwa hiyo naandika nikitumaini utafika mwisho wa barua.

Barua yako kwa Baba ilifika Jumamosi. Umutesi aliivaa kama nguo ya harusi. Alijifunga kitambaa kipya, akamketisha Baba sebuleni, akaanza. Mimi nilijifanya natengeneza bawaba ya mlango wa sebule, ambayo haikuwa na tatizo lolote. Mke wangu anasoma vibaya sana. Anameza maneno, anapumzika pasipo na nukta, na kwenye 308 alisema "elfu tatu na nane" nikakaribia kupiga kelele. Na Baba alikuwa anatabasamu, anamshika mkono. Niseme ukweli, kwa sababu nimebakiwa na huo tu: nilimwonea wivu mke wangu. Mungu ananicheka, na ana haki.

Umutesi atakuletea majibu yenyewe, lakini najua atasahau nusu, na haya nilisikia kwa masikio yangu. Sitaongeza wala kupunguza. Ulipouliza kama una haki ya kubeba bunduki tena, Baba aliachia mkono wa Umutesi. Kisha akasema hivi: "Mi pia nilimujeruhi moja, kule Masisi, na sikumupata. Ni siku ile nilimuacha Narcisse kwa moto. Nilirudi na haya mingi, sikutaka mutoto ananiona. Kisha sikumuchukua tena, juu kila nikimuona nilikuwa ninakumbuka ule nyama. Mwambie Mugisha alilie ile kitu mwaka moja. Mwaka ikiisha, anunue ya katikati."

Nilikuwa na bisibisi mkononi. Sikujua la kufanya nayo. Miaka arobaini nilidhani ni kikohozi.

Umutesi alikuwa anaandika, ulimi nje, na akauliza, "Mwaka mmoja tangu lini, Baba?" Baba aligeuza uso wake kuelekea kwangu, na yale macho yasiyoona ila mwanga na kivuli. Sikuwa nimesogea. Nilikuwa nimesimama palepale katikati ya mlango, jua liko nyuma yangu.

"Umwambie ule mutu iko kwa mulango aingie," akamwambia Umutesi. "Ananizibia mwangaza."

Niliingia, nikakaa.

Kaka yako,
Narcisse